Tumbo la Mfanyakazi Limo Katika Bajeti ya Nani?

Vitafunwa vya kazini vipo hapa Baraka, mji wa Fizi huku Kongo, asidanganye mtu kwamba havipo. Vinapatikana semina. Shirika likiwaita wauguzi, walimu au machifu kwa mafunzo ya siku tatu, ratiba huchapwa vizuri, na saa nne hupewa mstari wake: mapumziko. Hapo hutokea chupa ya sukre, yaani soda, mandazi mawili ndani ya karatasi laini, na kama kuna mgeni aliyetoka Kinshasa, yai la kuchemsha au sambusa. Mahudhurio ya saa nne huwa mazuri kuliko ya saa mbili na nusu. Mwezeshaji aliyeiva kazini analijua hilo, ndiyo maana mada yake ngumu huiweka baada ya soda.

Siku ya nne semina imekwisha. Muuguzi aliyekula mandazi ya mfadhili amerudi wodini, zamu yake ni ya usiku, na kati ya jioni na alfajiri hakuna mstari ulioandikwa kwa ajili ya tumbo lake. Mwalimu amerudi darasani. Mlinzi aliyewafungulia washiriki lango siku zote tatu hakuwamo katika orodha ya mahudhurio, kwa hiyo sukre yake ilitegemea huruma ya aliyebakiza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakumtaja mlinzi.

Katika maofisi ya Nairobi, Dar es Salaam au London, vitafunwa vyenye afya vimekuwa sehemu ya uongozi wa kisasa. Kapu la matunda huwekwa mezani, karanga kwenye bakuli, maji badala ya soda, kisha wafanyakazi hupokea barua pepe ya kuwaambia kwamba kampuni inawajali. Huko tatizo ni mtu aliyekaa kitini kutwa nzima akila biskuti bila kujua amefikisha ya ngapi. Wazo hilo ukilishusha Fizi jinsi lilivyo, litachekesha. Lakini ukilivua nguo zake za mjini unakuta swali la zamani sana katika nchi hii, swali ambalo Wabelgiji walilijibu kwa njia yao na wachimba dhahabu wanalijibu kwa njia yao hadi leo: mtu akiwa kazini, nani anamlisha, na chakula hicho kinakatwa wapi?

Mimi naona sehemu ya pili ya swali hilo ndiyo nzito. Ndizi inayoongezwa juu ya mshahara ni ya afya. Ndizi inayotolewa mahali pa mshahara ni hesabu tu iliyovikwa maganda.

Baraka imekaa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ndani ya ghuba ambayo ramani bado zinaiita ya Burton, kwa jina la Mwingereza aliyepita ziwani mwaka 1858 akitafuta chanzo cha Nile na kukikosa. Mbele yake kuna rasi ya Ubwari. Barabara ya taifa namba 5 inatoka Uvira, inapita Makobola, Mboko na Lusenda, inaingia Baraka, kisha inapanda kwenda Fizi penyewe milimani na kuendelea Lulimba na Misisi kuelekea Kalemie. Kwenye njia hii ndefu, mwajiri mwenye kibao cha kampuni na idara ya wafanyakazi ni nadra. Kuna dola, yenye walimu, wauguzi na polisi, inayolipa inapoweza. Kuna makanisa yenye shule na vituo vya afya. Kuna mashirika ya misaada yaliyofuata vita na wakimbizi, kama yale yanayohudumia kambi ya Lusenda, iliyofunguliwa kwa ajili ya Warundi waliovuka kuanzia mwaka 2015. Kuna wenye mitumbwi na nyavu, wenye maghala, wenye pikipiki wanaowakabidhi vijana na kudai hesabu kila jioni. Na kuna dhahabu.

Siku ya kawaida ya mtu wa kazi huku ina mlo mmoja wa kweli, nao ni wa jioni: bugali wa muhogo, sombe, ndakala, au mukeke siku ya neema. Asubuhi ni chai yenye sukari nyingi, na kiporo kama watoto hawakukiwahi. Kati ya chai na bugali kuna saa kumi, wakati mwingine kumi na mbili, na ndizo saa za kazi. Bosi anayelalamika kwamba vijana wake wanalegea ikifika saa saba mchana angeanza kwa kuuliza walikula nini saa moja. Mara nyingi atagundua kwamba hawakulegea, wameishiwa.

Jambo hili limepimwa, tena si mbali na sisi. Michael Latham alikuwa daktari mzaliwa wa Tanganyika, aliyefanya kazi katika huduma ya afya ya nchi hiyo kabla ya kwenda kufundisha lishe katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Yeye na wenzake walikwenda kwa vibarua wa Kenya waliokuwa wakijenga barabara za vijijini kwa majembe na toroli, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilipewa chakula cha ziada chenye kalori 200 hivi kwa siku, lingine kalori 1,000 hivi. Ripoti yao ilitoka mwaka 1982. Waliokula zaidi walichimba na kuhamisha udongo zaidi, kwa kiasi kinachokaribia asilimia 12. Si muujiza, na watafiti wenyewe hawakuupigia tarumbeta. Aliyewahi kushika jembe tumbo likiwa tupu atashangaa kwamba ilihitajika safari kutoka Amerika ili kulijua hilo. Lakini waajiri hawasomi matumbo, wanasoma asilimia, na asilimia hiyo sasa wanayo.

Kuna pia upungufu wa damu, ambao hauonekani kwa macho ya msimamizi. Utafiti uliofanyika kwa wagema mpira wa Indonesia na kuchapishwa mwaka 1979 ulionyesha kwamba wenye damu pungufu walikusanya utomvu mdogo, nao walipopewa madini ya chuma walipanda hadi karibu kuwafikia wenzao. Huku kwetu, ambako malaria na minyoo huila damu ya mtu mzima bila kumlaza kitandani, huyo mgema tunaye katika kila karakana. Tunamwita mvivu. Mwaka 2005 Shirika la Kazi Duniani lilitoa kitabu kizima kuhusu chakula kazini, likakadiria kwamba lishe mbovu inaweza kuipotezea nchi hadi asilimia 20 ya uzalishaji. Sijui waziri yeyote aliyeanguka kwa sababu ya asilimia hiyo.

Wabelgiji hawakuhitaji kitabu hicho. Dekreti yao ya Machi 1922 kuhusu mkataba wa kazi iliweka posho ya chakula kuwa sehemu ya mambo ambayo mwajiri alipaswa kumtimizia mfanyakazi Mwafrika. Huko Katanga kampuni ya Union Minière iliifanya kuwa sayansi: unga, mawese, chumvi, nyama, kila kitu kwa mizani, na baadaye familia nzima ikaingizwa katika hesabu, kwa sababu mtu aliyeshiba na mwenye mke karibu haondoki kurudi kijijini. Haikuwa huruma. Ilikuwa ni hesabu ya mtu aliyekwisha kupima gharama ya kumpoteza mchimbaji na kumtafuta mwingine. Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi yake, ilirithi desturi hiyo, na kwa miaka mingi wafanyakazi wake walipokea gunia la unga. Kampuni ilipodidimia miaka ya 1990, kilichokumbukwa kwa uchungu zaidi katika nyumba nyingi za Lubumbashi na Kolwezi ni gunia hilo. Mshahara uliliwa na mfumuko wa bei. Unga haukujua mfumuko.

Hapo ndipo ubaya wa posho unapojificha. Anayelishwa na mwajiri hawezi kugombana naye mwisho wa mwezi kwa sauti ya juu sana. Chakula kilichopimwa na bosi humpa bosi mamlaka juu ya nyumba yako: wewe ule nini, mke wako apike nini, mtoto wa dada yako aliyekuja likizo ahesabiwe au asihesabiwe. Ni kheri franga mkononi, ukanunue ndakala kwa unayemtaka.

Fizi haikuwa na Union Minière. Ilikuwa na milima, na milima ina hesabu zake. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma akatua Kibamba kuja kuwasaidia waasi wa huku. Katika shajara yake analalamika sana kuhusu wapiganaji waliokataa kubeba mizigo na chakula kutoka ufukweni hadi kambi ya mlimani, wakisema wao si malori. Novemba mwaka huohuo alikwisha kuondoka. Sababu za kushindwa kwake ni nyingi na kubwa kuliko magunia, lakini mtu yeyote aliyewahi kuongoza kazi katika milima hii ataisoma shajara ile akitikisa kichwa: kila mmoja alitaka kula juu, na hakuna aliyepangiwa kubeba kutoka chini.

Aliyelipanga jambo hilo vizuri ni PDG. Nasema PDG wa machimbo, si wa Paris. Katika machimbo ya dhahabu ya Kivu Kusini, Misisi ikiwamo, hilo ndilo jina la mwenye shimo, anayegharamia kazi yake. PDG wa Paris ana kiti cha ngozi na katibu. PDG wa Misisi ana gunia la unga, sufuria na deni. Shimo huweza kuchimbwa wiki hata miezi kabla ya kufika kwenye jiwe lenye kitu. Muda wote huo wachimbaji hawalipwi, kwa maana hakuna cha kuwalipa, lakini wanakula, maana asiyekula hashuki. PDG ananunua unga, maharage, ndakala, mafuta, sigara, tochi, wakati mwingine dawa. Dhahabu ikitoka, gharama hizo huondolewa kwanza, ndipo mgawo ufanyike.

Angalia jinsi mambo yalivyokaa hapo. Mlo wa kazini upo, ni wa kila siku, unafika kwa wakati, na hakuna shirika lililofanya semina juu yake. Kwa upande wa kupanga, PDG amewashinda wakurugenzi wengi wa Baraka wenye shahada. Anajua kwamba chakula ndicho mtaji wa kwanza wa kazi, kabla ya nyundo. Lakini ni yeye aliyeandika bei ya maharage, ni yeye anayekumbuka zilikuwa kilo ngapi, na shimo likitoka patupu mchimbaji huondoka na njaa mpya pamoja na mazungumzo ya deni la zamani. Yaani sufuria ileile ni lishe asubuhi na ni kamba jioni. Mtu akiniuliza kwa nini nasisitiza kwamba kitafunwa kisikatwe popote, nitamwelekeza Misisi.

Sheria ya nchi inasema nini? Kanuni ya Kazi ya Oktoba 2002 inaweka saa 45 kwa wiki na tisa kwa siku kuwa kikomo. Inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku kwa ajili ya mtoto. Ni kifungu kizuri, na kingekuwa kizuri zaidi kama kingefuatwa. Lakini ona kichekesho chake: mtoto mchanga ana haki ya kula mara mbili ndani ya saa za kazi, na mama anayemtengenezea maziwa hayo hana kifungu kinachomhakikishia hata kikombe cha uji. Maziwa yatoke wapi, mbunge hakusema.

Sasa tufike mezani. Anayetaka kuwapa watu wake kitafunwa chenye afya Baraka asianze na chakula. Aanze na maji. Wilaya hizi za ufukweni zimezoeana na kipindupindu. Huja, hutulia, hurudi, hasa watu wanapochota ziwani na mvua inaposhusha uchafu wote huko huko. Bakuli la maembe yaliyokatwakatwa, linalopendeza sana katika picha za maofisi ya mbali, huku linaweza kulaza ofisi nzima. Kisu kimeoshwa na maji gani? Mikono ya aliyekata? Ndoo yenye bomba, maji yaliyotiwa dawa, sabuni kando: hicho ndicho kitafunwa cha kwanza, na gharama yake haifiki hata nusu ya sukre za semina moja. Ofisi isiyoweza kuweka ndoo hiyo isinunue tunda lolote.

Baada ya maji, kanuni yangu ni kwamba tunda lije na nguo zake. Ndizi mbivu, chungwa, parachichi, embe zima analolimenya mwenyewe mlaji: vyote hivi vimefungwa na Mungu, wala havihitaji karatasi laini. Yai la kuchemsha lisilomenywa limo katika ukoo huo. Viazi vitamu vilivyochemshwa na maganda yake pia vimo, na vinashibisha kweli, jambo ambalo tofaa la Afrika Kusini lililosafiri siku kumi kufika sokoni haliwezi kujivunia.

Karanga ni habari ya kipekee. Inalimwa sana hapa, hasa upande wa Lulenge, na ni vigumu kuunda kitafunwa bora kuliko yenyewe: robo yake ni protini, karibu nusu ni mafuta, na konzi moja ya gramu 30 inakaribia kalori 170. Ukitaka ushahidi wa kizungu upo. Ile siagi ya karanga iliyotiwa maziwa na sukari, Plumpy'Nut, ambayo imewainua watoto wengi wa Fizi waliodhoofika, ilibuniwa Ufaransa mwaka 1996. Nchi inayolima karanga inapokea karanga kwenye pakiti, halafu inasaini risiti. Simlaumu aliyebuni, watoto walipona. Nashangaa tu kwamba mtu mzima anayefanya kazi katika ghala la pakiti hizo hanunuliwi karanga ya kukaanga inayouzwa hatua kumi kutoka langoni.

Ila karanga zichaguliwe. Zikivunwa mvua ikinyesha na kuanikwa chini, huota ukungu, na sumu ya ukungu huo haitoki kwa kukaangwa. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya aina hiyo yaliua watu 125 katika wilaya za Makueni, Kitui na majirani zake. Punje iliyokunjamana, yenye rangi ya kijivu au uchungu mdomoni, itupwe, wala isisagwe ili isionekane. Mnunuzi anayetaka bei ya chini kabisa atauziwa punje hizo hizo.

Ndakala nao waangaliwe upya. Sisi tunawaona kuwa mboga ya mwisho wa mwezi, lakini samaki anayeliwa mzima na mifupa yake humpa mtu madini ya chokaa ambayo minofu ya sangala haina. Ndakala waliokaangwa wakakauka vizuri, pamoja na muhogo wa kuchemsha, ni kitafunwa ambacho hakuna mtaalamu wa lishe angekipinga, isipokuwa yule anayekaa dawati la jirani, kwa sababu ya harufu. Na upatikanaji wao hautabiriki kama zamani. Ziwa limechoka, Tanzania ililifunga kwa wavuvi wake kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 ili samaki wazaliane, na masoko ya pande zote yaliisikia hatua hiyo.

Kinachobaki ni sukari. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, na Shirika la Afya Duniani tangu 2015 linashauri mtu mzima akiweza asivuke gramu 25 kwa siku nzima. Chupa ya semina imekwisha kumvusha kabla hajagusa chai. Huku sukari hatuitengenezi tena; kiwanda cha Kiliba, kule bondeni Ruzizi, kilisimama na vita vya mwaka 1996, na ndoto ya kukifufua imekuwa ikisimuliwa tangu hapo. Hivyo kila kijiko tunachokoroga kimelipiwa nje. Sina ugomvi na mtu anayetia vijiko vitatu katika chai yake ya alfajiri; kwa wengi ndivyo kalori zao za asubuhi. Ugomvi wangu ni na shirika la afya linalofundisha kisukari saa tatu na kugawa Fanta saa nne.

Nani anunue, na kwa nani? Nje ya kila lango la ofisi, shule na hospitali ya Baraka kuna mama mwenye beseni, thermosi na daftari. Beseni lina mandazi, ndizi na karanga. Daftari lina majina. Ndani ya daftari hilo ndimo huduma halisi ya ustawi wa wafanyakazi ilimolala: muuguzi ambaye hajalipwa anakula leo, atalipa siku pesa zitakapofika. Yule mama amekuwa akiikopesha dola bila riba kwa miaka mingi, na hajawahi kualikwa semina. Mkurugenzi anayetaka kufanya jambo la maana hahitaji kufungua kantini wala kuajiri mpishi. Akubaliane na mama huyo: watu kadhaa kila siku, ndizi na karanga kila mmoja, malipo kila Ijumaa, taslimu. Amsaidie kupata ndoo na sabuni. Kazi imekwisha, na faida haikuondoka mtaani.

Pasipo na mkurugenzi wa namna hiyo wafanyakazi wanaweza kuanza wenyewe kwa likelemba. Kila mtu anachanga kidogo, mmoja ananunua ndizi za wiki, zamu inazunguka. Tunaitumia likelemba kwa mabati, kwa ada za shule, kwa msiba. Sioni kwa nini isilishe saa nne. Upungufu wake ni kwamba inamtoza mfanyakazi kile ambacho kilimpasa mwajiri, na nimeona viongozi wanaosifia sana ubunifu wa watu wao pale ubunifu huo unapowapunguzia gharama.

Najua jibu litakalokuja: huu si wakati wa ndizi. Bukavu ilianguka mikononi mwa waasi Februari 2025, benki za huko na za Goma zikafunga, na fedha ambazo zamani zilikuja Fizi kwa kuchelewa zikaanza kuja kwa bahati. Mapema mwaka huohuo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura Kongo, ilisimamisha misaada yake, na mashirika yakapunguza watu. Mwezi Machi wataalamu walihesabu Wakongo milioni 28 walio katika njaa kali. Mbele ya idadi hiyo, kuzungumzia karanga za ofisini kunaweza kusikika kama dharau.

Nalipokea jibu hilo nusu. Ni kweli kwamba kwa mtu ambaye hajalipwa miezi mitatu, bakuli la karanga kwenye meza ya mapokezi ni tusi. Ataila, kwa kuwa ana njaa, na ataikumbuka. Lakini nusu ya pili siipokei, kwa sababu najua bajeti zinavyokatwa. Hukatwa kuanzia chini. Chai ya wauguzi wa usiku, pale ilipokuwepo, ndiyo huenda kwanza. Mapumziko ya semina huenda mwisho, kwa kuwa wanaokata bajeti huketi kwenye semina. Tanzania iliwahi kuonyesha kwamba mkasi unaweza kuanzia juu: Novemba 2015 Rais John Magufuli aliagiza sehemu kubwa ya fedha za hafla ya kufungulia Bunge ikanunue vitanda vya hospitali ya Muhimbili. Mtu anaweza kuwa na maneno mengi juu ya utawala wake, lakini vitanda vilinunuliwa na wabunge hawakufa njaa.

Hesabu ya Baraka ni ndogo kuliko ya Bunge. Shirika linalofanya semina nne kwa mwaka liondoe sukre na sambusa katika mbili, litapata ndizi na karanga za wafanyakazi wake kwa wiki nyingi, wapishi, madereva na walinzi wakiwamo. Wale washiriki wa semina watanung'unika siku ya kwanza. Siku ya pili watakuja na karanga zao.

Kwa hiyo mwajiri anayesoma haya huku akiwa na deni la mishahara asinunue chochote. Alipe watu kwanza. Aliyekwisha kulipa na aanze mwezi huu: maji na sabuni, kisha ndizi na konzi ya karanga safi, kwa kila aliye kazini siku hiyo, bila kuandika popote kwamba wanamdai au anawadai.